Wanafunzi wetu na ripoti za madhara ya dawa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha famasia, na vipindi vyangu vya usalama wa dawa huhudhuriwa pia na wanafunzi wa udaktari. Mtihani wanaufaulu vizuri, lakini wakifika wodini hawajazi hata fomu moja ya kuripoti madhara ya dawa. Hujitetea kwamba hawana uhakika kama dawa ndiyo iliyomdhuru mgonjwa. Niwafundisheje?

JIBU: Mwalimu, anza na utetezi huo huo, kwa sababu umekosewa tangu msingi. Anayeripoti hadaiwi uthibitisho. Shaka ya kitaalamu inamtosha. Ripoti hupokelewa ikiwa na mambo manne: mgonjwa anayetambulika, hata kwa herufi za mwanzo za jina na umri wake, mtoa ripoti, dawa inayoshukiwa, na dhara lililoonekana. Kupima uzito wa shaka hiyo ni kazi ya wanaolinganisha ripoti nyingi kwa pamoja.

Wasimulie habari ya thalidomaidi. Mwaka 1961, daktari William McBride wa Australia aliandikia jarida la The Lancet barua fupi akieleza ulemavu aliouona kwa watoto ambao mama zao walitumia dawa hiyo wakiwa wajawazito, kisha akawauliza wasomaji kama nao wameona hali kama hiyo. Aliuliza tu, wala hakungoja kuthibitisha. Waongezee hesabu hii: ili dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000 litarajiwe kuonekana walau mara moja kwa uhakika wa asilimia 95, lazima watu wapatao 30,000 watumie dawa, ilhali nyingi huidhinishwa baada ya kujaribiwa kwa watu elfu chache tu.

Baada ya hapo, toka nao darasani. Wapange wawili wawili, wa udaktari na wa famasia, mbele ya mgonjwa mmoja na fomu moja. Nimesoma fomu nyingi zilizoandikwa neno moja tu, "mzio", na kwa kweli zinanisikitisha, maana haziwezi kumsaidia mtu. Mwanafunzi azoee kuandika hivi: "Alianza karbamazepini, siku ya 12 akapata homa na vidonda mdomoni, siku ya 13 ngozi ya kifua ikaanza kubabuka, dawa ilisimamishwa siku hiyo hiyo." Wa famasia aongeze namba ya toleo la dawa, pamoja na dawa nyingine zote alizotumia mgonjwa, zikiwemo za mitishamba, ambazo wengi hawazitaji mpaka waulizwe kwa upole.

Fomu hizo zitumwe kweli kwa mamlaka ya dawa, na majibu yakirudi, yasomeni pamoja, hata yakiwa mistari miwili ya kuthibitisha kwamba ripoti imepokelewa.