Pesa ya mkopo wa gari ikirudi bila kuitwa

Zamani mlikuwa mnaniuliza namna ya kumkwepa afisa mikopo. Siku hizi mnaniuliza ufanyeje akikutafuta yeye akupe pesa. Haya, tuanze na lile linaloniudhi.

Shikamoo mzee. Nimepata meseji kuwa kampuni iliyonikopesha Noah imekuta nilizidisha marejesho, hivyo narudishiwa 870,000. Ila nitangulize 25,000 ya kufungulia faili. Nitume? (Makorora)

Marahaba. Usitume. Ipeleke meseji hiyo namba 15040, kisha uifute.

Na nyie wengine mlioleta swali hilihili, mmoja akiambiwa ni "ada ya mfumo", mwingine "kodi ya TRA", jibu lenu ndilo hilohilo na nimeshalitoa hapa mpaka nimechoka. Kama kweli kuna ada, waikate humohumo kwenye hiyo 870,000. Mnashangaa wamejuaje kuwa una Noah ya mkopo? Nakala za mikataba na vitambulisho vyenu mnaziacha kwenye meza za steshenari, halafu mnapakua kila programu ya mkopo inayowaomba orodha nzima ya namba za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Na mkishamaliza kufuta meseji, pigeni *106# mwone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu cha NIDA.

Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza. Alikopa gari mwaka 2018 na alishamaliza kulipa. Juzi mkopeshaji kamwandikia kuwa anamrudishia pauni 212, asaini tu fomu. Kanitumia barua nikuulize: achukue? (Mama wa Chumbageni)

Dada, ulichonitumia ni picha ya ukurasa wa kwanza tu, tena pembe moja imekatwa. Ukurasa wa kwanza ni wa salamu na pole. Mwambie apige picha ukurasa wenye sehemu ya kusaini, atafute maneno yanayosema pesa hiyo ni malipo kamili na ya mwisho ya madai yake yote. Mtego, kama upo, uko hapo.

Nimpe habari ya huko kwa ufupi. Kwa miaka mingi Uingereza muuza magari ndiye aliyekuwa akimtafutia mteja mkopo, na katika mikataba mingi aliruhusiwa kuipandisha riba mwenyewe. Kadiri alivyoipandisha ndivyo kamisheni yake ilivyonona, na mteja hakuambiwa. Mamlaka yao ya kusimamia huduma za fedha, FCA, iliupiga marufuku mtindo huo kuanzia 28 Januari 2021. Kesi zikafika Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 1 Agosti 2025 iliwapa wakopeshaji ushindi katika mengi, isipokuwa kwa mteja mmoja aliyeonekana kutotendewa haki: kamisheni yake ilikuwa pauni 1,650.95, sawa na asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo. Oktoba mwaka huohuo FCA ikatoa pendekezo la kuwafidia wateja wa mikataba ya kuanzia 6 Aprili 2007 hadi 1 Novemba 2024, ikikadiria wastani wa pauni 700 hivi kwa mkataba.

Mkataba wa 2018 umo katikati ya miaka hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza si achukue au asichukue. Swali ni: hizi 212 ni za nini? Inawezekana ni faini ya kuchelewesha rejesho waliyomtoza kimakosa, na haina uhusiano wowote na kamisheni. Ikiwa hivyo, aipokee, lakini baada ya wao kuandika kwamba malipo haya hayafuti dai lake la kamisheni. Wakikataa kuandika, ajue anauziwa nini. Na kama barua imekuja na hundi, asiikimbize benki, kwa sababu kuiweka tu kunaweza kuhesabiwa kuwa amekubali.

Aombe kwa maandishi nakala ya mkataba na taarifa zote walizonazo juu yake. Ni haki yake na ni bure. Aulize kamisheni ilikuwa kiasi gani na muuza gari alikuwa na uhuru wa kupanga riba au la. Wakimzungusha, yuko msuluhishi wa migogoro ya fedha, Financial Ombudsman Service, naye hamtozi mteja hata senti.

Asimpe kazi hii wakala. Kule kuna kampuni za kudai fidia zinazoweza kukata asilimia 30 na zaidi kwa barua ambayo mtu mwenye nusu saa na kalamu anaiandika mwenyewe. Tena kuna matapeli wanaopiga simu wakijifanya ndio mkopeshaji. Namba ya kupiga aitoe kwenye mkataba wake wa zamani, asiitoe kwenye barua mpya. Mkataba wa zamani anao? Haya, nasubiri jibu, ingawa nalijua.

Kaka, mie dereva wa bajaji, Mabawa. Nimemaliza mkopo, kadi ya bajaji bado wanayo. Wamenipigia niende nikasaini nichukue 140,000 "ya ziada". Niende?

Nenda, mdogo wangu, lakini usisaini siku hiyohiyo. Omba taarifa ya mkopo inayoonyesha kila rejesho na tarehe yake, na karatasi wanayotaka uisaini. Ikiwa imeandikwa "sina dai lingine lolote", rudi nayo nyumbani.

Nikuonyeshe kwa nini. Tuseme ulikopa 8,000,000 kwa miezi 24, riba asilimia 3 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya mkopo mzima toka mwanzo hadi mwisho, riba ni 5,760,000, na rejesho lako ni kama 573,000 kila mwezi. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, rejesho ni kama 472,000, na riba yote haifiki 3,400,000. Asilimia ni ileile 3, tofauti ni zaidi ya milioni mbili na laki nne. Hakuna kosa mkopeshaji kutumia hesabu ya kwanza kama ndiyo mliyoandikiana. Lakini kama mkataba unasema salio linalopungua na wewe umelipa 573,000 kila mwezi, basi ziada yako si 140,000, na hao wanaokuita kwa haraka wanalijua hilo kuliko wewe.

Tazama pia kama riba imepita asilimia 3.5 kwa mwezi, maana huo ndio ukomo wa Benki Kuu kwa taasisi ndogo za daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana. Ukiona hesabu hazikubaliani, waandikie malalamiko, wagongee muhuri nakala yako. Wasipokujibu vya kuridhisha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja. Kama hata leseni ya kukuonyesha hawana, ulikopa kausha damu, na hapo kadi yako ni ya kudai kwanza kabla ya shilingi yoyote.

Kadi, narudia. Nawajua vijana wa stendi ya Kange wanaopokea pesa ya kurudishiwa wakashangilia, miezi ikapita, siku ya kuuza chombo ndipo wanakuta jina la mkopeshaji bado limekaa kwenye kadi.

Mume wangu alifariki mwaka jana gari likiwa na mkopo. Tulijikaza tukalipa mpaka likaisha. Sasa wanasema kuna 600,000 ya kurudishiwa, na shemeji amejitolea kwenda kuichukua. (Pongwe)

Pole sana mama. Shemeji akae kwanza.

Katika makato ya siku ile mume wako alipochukua mkopo, tafuta mstari wa bima. Mikopo mingi ya benki hukatiwa bima ya maisha ya mkopaji, na bei yake huilipa mkopaji mwenyewe. Kama ilikuwepo, kazi yake ilikuwa kulipa salio lililokuwepo siku aliyofariki. Ina maana marejesho mliyojikaza kuyalipa baada ya msiba pengine hamkutakiwa kuyalipa, na ninyi ndio mnaodai. Ulizeni kwa barua: bima ilikuwepo, ya kampuni gani, mkopeshaji aliiarifu lini, na hii 600,000 imetokana na nini? Nahofia ni rejesho moja au mawili tu wanayorudisha ili mnyamaze. Bima ikiwasumbua, malalamiko yanakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Pesa yenyewe ni ya mirathi. Anayeipokea ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na wengi wetu tunaanzia Mahakama ya Mwanzo, tukiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mkopeshaji anayekubali kumkabidhi shemeji kwa sababu tu wamefanana na marehemu ni wa kuogopwa. Sisemi shemeji yako ni mbaya. Nasema watoto ni wako.

Wakinirudishia, jina langu litasafishika kwenye rekodi za mikopo? (Muheza)

Halijisafishi. Dai barua ya kumaliza deni, na waambie wapeleke marekebisho kwa kampuni ya taarifa za mikopo, mfano Creditinfo. Kisha ombeni ripoti yenu muione kwa macho.

Nifanyie nini hiyo pesa? (Duga)

Lipa duka unalodaiwa.

Mie sitaki tena mambo ya riba. Wakinirudishia pesa pamoja na nyongeza ya kunifidia, naruhusiwa kuikataa? (Ngamiani, barabara ya 12)

Ulichozidishiwa kilitoka mfukoni mwako, kichukue. Hiyo nyongeza muulize shehe wako, mie najua hesabu tu. Ila kabla hujaenda kwake, mkopeshaji akuandikie mafungu mawili mbalimbali: hiki ulikilipa zaidi, hiki tumekuongezea. Wakikuletea jumla moja, irudishe karatasi.