Gome la bonsai lisipasuke unapopinda shina

SWALI: Nina bonsai mbili (miti inayokuzwa midogo kwenye chungu) za mepo wa Kijapani, mashina yake yana unene wa sentimita 2 hivi. Moja nililizungushia waya wa shaba mara machipukizi yalipoanza kufunguka, nikalipinda. Gome likapasuka upande wa nje wa kona, na waya ukaacha alama. Hili la pili nilifanyeje?

JIBU: Kwanza majira. Machipukizi yakifunguka, utomvu unapanda na tabaka laini lililo chini ya gome linajaa maji, kwa hiyo gome huteleza na kubanduka kwa kuguswa tu. Ngoja majani yakomae. Usimwagilie siku moja kabla ya kazi. Shina lililopungua maji kidogo hukubali kupindwa.

Pili waya. Shaba inafaa zaidi misonobari. Mepo ana gome jembamba, mtumie alumini yenye unene wa theluthi moja ya shina, yaani milimita 6 hadi 7 kwa shina lako.

Kabla ya waya, funga rafia, yaani nyuzi bapa za majani ya mtende. Iloweke nusu saa hadi ilegee kama kitambaa, anzia chini ya kona na upande juu ukikaza, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka mbili zinatosha. Kazi yake kubwa si kuzuia alama za waya, kama wengi wanavyodhani. Inabana nyuzi za upande wa nje zisiachane zinapovutwa. Ukiikosa, vipande vya tyubu ya baiskeli vinasaidia, ila vinatunza unyevu, usiviache muda mrefu.

Zungusha waya kwa mshazari wa digrii 45, ulale juu ya rafia bila nafasi na bila kubana. Hakikisha mzunguko mmoja unapita mgongoni mwa kona, maana hapo ndipo panapopasuka. Gumba zikae upande wa ndani, pinda polepole. Ukisikia mlio wa kukatika, acha hapo hapo. Kilichobaki kimalizie baada ya wiki kadhaa. Ufa mdogo urudishe mahali pake, upake dawa ya vidonda vya miti, na mti ukae kivulini pasipo upepo.

Mti unaokua kwa kasi humeza waya upesi, kwa hiyo kagua kila wiki. Wakati wa kuutoa, kata kila mzunguko kwa koleo. Kuufungua kwa kuuzungusha ili uutumie tena ni kubana matumizi kwa gharama ya gome.