Maswali yenu: kuvua trauti, samaki wa mito baridi ya milimani, baada ya masika

Juni imefika. Naweza kwenda kuvua mto Sagana sasa? (Msomaji, Nairobi)

Walioniuliza hivi ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyetaja rangi ya maji. Masika huweza kukatika mapema Mei au kujikokota hadi Juni, kwa hiyo mwezi peke yake haukuambii kitu. Ingia hadi magotini. Ukiiona ncha ya kiatu chako, vua. Usipoiona, sogea juu, karibu na msitu. Maji mfano wa chai ya rangi hayana neno, maana hayo ni majani ya msituni. Yakiwa kama chai ya maziwa, huo ni udongo wa shamba la mtu anayelima hadi ukingoni. Nitalisema kila mwaka: trauti hutaga kwenye changarawe, na tope likishaziba nafasi kati ya kokoto, mayai hukosa hewa na kufa. Mnaolima hadi ukingoni, rudini nyuma, muache nyasi na miti ishike udongo.

Vitabu vya Uingereza vinasifu jioni za Juni. Mbona mimi hutoka kapa? (Msomaji, Nyeri)

Kwa sababu hauko Uingereza. Kule, Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku na machweo hudumu. Hapa ikweta, jua likizama saa kumi na mbili na nusu, giza limekwisha kuingia kabla hujabadilisha chambo. Isitoshe, Juni yetu ni ya baridi na ukungu. Trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi, na alfajiri huko juu mara nyingi huwa chini ya hapo. Anza saa nne asubuhi, maliza saa tisa.

Kabla ya kurusha chambo, geuza jiwe la mtoni. Utaona mabuu waliojijengea vijumba vya chembe za mchanga, na wengine bapa wanaokimbia upande wa kivuli. Hao ndio chakula cha trauti, na wako chini. Basi tumia chambo kizito cha kuzama, uache kile cha kuelea hadi uone samaki akivunja maji.

Inzi bandia, yaani chambo kinachoiga mdudu, awe wa rangi gani? (Wasomaji kadhaa)

Ukubwa wake kwanza, kisha kina anachozama. Rangi baadaye.

Mto wetu wa Naro Moru ulikuwa na trauti tele. Kwa nini Kiganjo wasituletee vifaranga? (Msomaji, Nanyuki)

Kituo cha Kiganjo kinazalisha trauti tangu 1948, lakini kifaranga hakai kwenye mto uliokaushwa. Kiangazi, mifereji na pampu huyanywa maji yenu yakabaki madimbwi. Maji yakipita nyuzi 20, hewa hupungua na trauti huanza kutaabika. Pelekeni hoja kwenye chama cha watumiaji maji, na muulize nani anachota kuliko kibali chake.

Wala sikubali kumpandikiza trauti kwenye vijito ambavyo hajawahi kuwamo. Ni mgeni huyu: mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka ziwa Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, wakaachiliwa mto Gura, huko Aberdare. Ni mla nyama, na samaki wadogo wa asili hawana pa kumkimbilia.

Leseni ni lazima?

Ndiyo. Na ndani ya hifadhi ya taifa ulipe kiingilio pia. Tafadhali, hili tumelijibu vya kutosha.

Nataka kwenda Aberdare peke yangu. Ni salama? (Msomaji, Thika)

Hapana. Mngurumo wa mto humzuia mbogo asikusikie, nawe usimsikie, mkakutana hatua chache kwenye vichaka. Nenda na askari wa wanyamapori. Na hata jua likiwaka ulipo, mvua ikinyesha juu mlimani mto hujaa ghafla. Choma kijiti pale maji yanapoishia ukingoni, ukitazame kila mara. Maji yakikipita, au ukiona majani na vijiti vinaanza kuelea, toka upande ule ule ulioingilia.