Mjerumani mwenye megabaiti mbili

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Ni toleo gani la zamani la programu ya kompyuta ambalo kila msomaji angepaswa kulijua, na kwa nini?" Nadhani wengi watawaandikia kuhusu Windows 95. Wapenzi wa programu huria watataja Linux 0.01 ya Septemba 1991, toleo la kwanza la mfumo endeshi wa bure, yaani programu inayosimamia kompyuta nzima na kuziendesha programu nyingine. Jibu langu mimi ni Linux 0.12, iliyotoka Januari 1992. Haitajwi sana, lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyoitoa Linux chumbani kwa mtunzi wake na kuitia mikononi mwa watu. Mimi ni fundi wa maabara ya kompyuta katika shule ya sekondari, na mambo mawili yaliyoingia katika toleo hilo ndiyo yaliyonipa kazi ya kufanya. Naomba niyaeleze kwa kirefu kidogo.

Nianzie huko huko chumbani. Januari 1991, kijana wa miaka 21, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alinunua kompyuta yenye chipu ya 386, yaani ubongo wa mashine, na kumbukumbu ya megabaiti 4. Hakuwa na fedha za kuilipa yote, akaichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Mashine ilikuja na DOS, mfumo endeshi wa kawaida wa kompyuta ndogo za wakati huo, naye alikuwa ameonja Unix, mfumo wenye nguvu zaidi, chuoni na hakutaka kurudi nyuma. Unix ya kuuzwa ilikuwa na bei ambayo mwanafunzi haigusi. Akaagiza Minix, mfumo endeshi mdogo ulioandikwa na Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam kwa ajili ya kufundishia. Ulimfikia ukiwa kwenye disketi 16. Minix ilikuwa kazi safi, ila iliandikwa kwa ajili ya chipu za zamani zaidi, na profesa hakutaka kuirundikia mambo. Alitaka ibaki fupi ili mwanafunzi aweze kuisoma yote na kuielewa. Namheshimu kwa hilo.

Linus hakuanza kwa kukusudia kuandika mfumo endeshi. Alitaka kuielewa chipu yake. Akaandika programu yenye kazi mbili zinazopokezana: moja inaandika herufi A tu, nyingine inaandika B tu, na saa ya ndani ya mashine inaipokonya hii zamu na kuipa ile. Kwenye skrini zikatiririka AAAA, halafu BBBB, halafu AAAA tena. Ukipita nyuma ya mtu anayetazama hivyo unaweza kudhani mashine imeharibika. Lakini hicho ndicho kitendo cha msingi cha kila mfumo endeshi duniani, kugawa zamu za chipu moja kwa kazi nyingi bila kazi yoyote kulalamika.

Baadaye akazibadilisha zile kazi mbili. Ya kwanza ikawa inasoma kibodi na kupeleka herufi kwenye modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, ya pili ikawa inapokea kutoka kwenye modemu na kuonyesha kwenye skrini. Sasa akaweza kupiga simu kwenye kompyuta ya chuo akiwa nyumbani. Akatamani kuhifadhi mafaili anayoyavuta, kwa hiyo akahitaji kuandika sehemu ya kuongea na diski. Ukishaongea na diski unahitaji mpangilio wa mafaili, akauiga ule wa Minix. Hatua kwa hatua, programu ya kupigia simu ikawa kiini cha mfumo endeshi.

Tarehe 25 Agosti 1991 akawatangazia watumiaji wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, wa kujifurahisha tu, ambao hautakuwa mkubwa wala wa kitaalamu kama GNU, mradi mkubwa wa programu huria. Septemba 17 mistari yake kama 10,000 ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ikawekwa kwenye seva ya FUNET, mtandao wa vyuo vya Finland. Mwenyewe alitaka uitwe Freax. Ari Lemmke, aliyemfungulia nafasi kwenye seva, hakulipenda jina hilo, akaipa folda jina la Linux, na likabaki hilo hilo.

Ninaposema 0.01 si jibu langu, sababu ni hii: haikuwa kitu cha kutumia. Ili uijenge ulipaswa kuwa tayari na Minix. Kibodi yake ilipangwa kwa ajili ya Wafini. Ilikuwa ni kijana anayeonyesha wenzake alichokishona, kikiwa bado na uzi wa kupigia bandi. Toleo 0.02 lilitangazwa Oktoba 5 likiwa linaweza kuendesha bash, yaani ile programu ya kupokea amri, pamoja na kompaila ya GNU, programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa na mashine. Hapo wachache wakaanza kucheza nayo.

Kabla mwaka haujaisha Linus akapata ajali. Alitaka kompyuta ipige simu chuoni, lakini badala ya kuandika jina la kifaa cha modemu akaandika jina la diski. Amri za kupiga simu zikaandikwa juu ya sehemu ya diski iliyokuwa na Minix, na Minix ikafutika. Kila fundi anayesoma hapa anaujua ule ubaridi unaopita tumboni ukitambua kidole kimegusa pasipo. Angeweza kuchukua zile disketi 16 na kuanza upya. Akaamua kutorudi, na tangu hapo Linux ikabidi ijitegemee.

Sasa nafika nilipokuwa nakwenda. Mwishoni mwa 1991 mtumiaji mmoja wa Ujerumani alimwandikia. Alikuwa na kompyuta yenye megabaiti 2 tu za kumbukumbu, na kompaila ya GNU peke yake ilikuwa inameza zaidi ya nusu. Akauliza kama Linux inaweza kujengwa kwa kompaila nyingine iliyo ndogo. Linus mwenyewe hakuwa na shida hiyo, mashine yake ilikuwa na megabaiti 4. Angeweza kumwambia akanunue kumbukumbu zaidi. Badala yake, siku za Krismasi, alikaa akaandika uwezo wa kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Ilimchukua siku tatu hivi, na sikukuu ikamkuta kazini.

Wanafunzi wangu huwa nawaeleza hivi. Mfikirie mama lishe mwenye meza ndogo. Sufuria haziwezi kukaa zote juu, kwa hiyo ile ambayo haijaagizwa kwa muda anaishusha chini ya meza. Mteja akitaka maharage, mama anainama, anaipandisha sufuria ya maharage na kushusha ya mchicha. Mteja anapata chakula chote kana kwamba meza ni pana. Gharama yake ni ule muda wa kuinama.

Ndani ya mashine, kumbukumbu hukatwa vipande vya baiti 4,096 vinavyoitwa kurasa. Ukurasa ambao haujaguswa kwa muda unaandikwa kwenye diski, na nafasi yake unapewa ukurasa mwingine. Programu ikija kuutafuta, chipu ya 386 yenyewe inagundua kuwa haupo, inaisimamisha programu na kukiita kiini. Kiini kinaurudisha ukurasa, na programu inaendelea pale pale ilipoishia bila kujua kwamba ilisimamishwa. Mafundi tunaiita swapu. Minix haikuwa nayo, na jambo hili lilichangia watu kuihama.

Kwangu mimi huu ndio moyo wa historia yote. Hadi hapo, kila kitu ndani ya Linux kilikuwepo kwa sababu Linus alikihitaji au alitaka kujifunza. Swapu aliiandika kwa ajili ya mtu asiyemjua, mwenye mashine duni kuliko yake, aliyeko nchi nyingine. Na yule mtu aliomba kidogo kuliko alichopewa.

Jambo la pili katika 0.12 ni leseni. Matoleo ya awali yalikuwa na masharti ya Linus mwenyewe: msimbo wote uambatane na programu, na mtu yeyote asitoze chochote kwa kuisambaza, hata gharama ya kushughulikia. Sharti hilo lilitoka kwenye moyo mzuri, lakini lilibana. Anayekunakilia disketi kwa jioni nzima hakuruhusiwa hata kurudishiwa bei ya disketi. Pamoja na toleo 0.12 akatangaza kwamba kuanzia Februari 1, 1992 Linux itakuwa chini ya leseni ya GPL, iliyoandaliwa na Richard Stallman kwa ajili ya mradi wa GNU. Chini ya GPL unaweza kuuza nakala, unaweza kuibadilisha na kuisambaza, mradi anayeipokea apate msimbo na haki zile zile ulizopata wewe.

Kulikuwa na mengine katika toleo hilo. Ted Ts'o, wa MIT huko Marekani, alileta uwezo wa kusimamisha kazi na kuziendeleza kutoka kwenye sehemu ya amri. Michango ya namna hiyo ilikuwa imeanza kuja. Zawadi nazo zilikuja: Linus alikuwa amewaomba watu wamtumie postikadi badala ya fedha, na kadi zikawa zinafika nyumbani kwao kutoka nchi mbalimbali, familia ikishangaa. Hata deni la ile kompyuta lilikuja kumaliziwa kwa michango ya watumiaji.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwisho wa Januari 1992 Profesa Tanenbaum aliandika kwamba Linux imepitwa na wakati kwa jinsi ilivyojengwa, wakabishana hadharani, na kila mmoja akabaki na yake. Machi ikaja 0.95. Toleo 1.0 lilisubiriwa hadi Machi 14, 1994, kwa sababu sehemu ya mtandao ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani, na wakati huo msimbo ulishapita mistari 176,000. Leo kiini hicho hicho kimo ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo ambayo huenda unasomea barua hii.

Lakini niliahidi kusema kwa nini mimi.

Mwaka 2005 shule yetu ilipata kompyuta 12 za mtumba. Zilikuwa Pentium II, kila moja na megabaiti 64 za kumbukumbu, na mfumo zilizokuja nao ulikuwa umeliwa na virusi. Hatukuwa na bajeti ya kununua leseni 12. Rafiki yangu aliyekuwa Dar es Salaam aliniletea CD za Linux alizonichomea, nikamlipa bei ya CD tupu na soda. Sikuwa nimeiba, naye hakuwa ameiba. Nilikaa nikasoma maandishi ya leseni mstari kwa mstari, kwa sababu mkuu wa shule aliniuliza swali hilo hilo, nami nilitaka kumjibu kwa uhakika.

Miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupiga hesabu ambayo menyu zake zote ni za Kiswahili. Kilichoruhusu kazi hiyo ni leseni ya aina ile ile: hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa ughaibuni ili kuandika Kiswahili ndani ya programu. Nami nikaitaka kwa wanafunzi wangu. Tatizo lilikuwa kwamba OpenOffice ni nzito, na kwenye megabaiti 64 ilikuwa haina pa kukaa.

Nikatenga megabaiti 128 za diski kwenye kila mashine kuwa swapu, nikawasha. Programu ilifunguka taratibu sana, dakika mbili na ushee, diski ikikwaruza kama panya darini. Ikafunguka.

Siku ya kwanza ya kipindi, wanafunzi wawili wawili kila mashine, nilisimama nyuma ya binti mmoja wa kidato cha pili. Alikuwa anaandika barua kwa mama yake, na alikuwa amefungua pia jedwali la hesabu ili aone lilivyo. Kwenye dirisha jingine la mashine yake niliandika amri ya free, ambayo huonyesha kumbukumbu imetumikaje. Kumbukumbu yote ilikuwa imejaa, na megabaiti 51 zilikuwa zimeshushwa kwenye diski.

Ghafla maneno yake yakaacha kutokea. Alikuwa anabonyeza, skrini haijibu, taa ya diski inamwekamweka. Akainua kichwa akaniuliza, "Mwalimu, imeganda?"

Nikamwambia, "Subiri kidogo, inainama."

Akacheka, mikono akaiweka mapajani. Taa ikatulia, na herufi zote alizokuwa amebonyeza zikatoka kwa mkupuo mmoja: *Shikamoo mama, huku sisi hatujambo.*