Bendera Nyekundu ya Sultani Kwenye Jahazi la Leo

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Sisi vijana wa Mji wa Kale, Mombasa, tunakarabati jahazi la maonyesho na tungependa lipeperushe bendera ya enzi za Sultani wa Zanzibar. Wazee wanasema ilikuwa nyekundu tupu, lakini tumeona picha yenye karafuu. Ipi ndiyo? Na tushone kwa kitambaa gani, maana ile ya pamba tuliyoijaribu ilipauka na kuchanika upesi?

JIBU: Waalaikum salaam. Wazee wenu wamesema kweli. Bendera yenye duara la kijani na karafuu mbili iliingia Desemba 1963, Zanzibar ilipopata uhuru, nayo haikudumu, kwani Sultani alipinduliwa Januari 12, 1964. Kabla ya hapo ilikuwa nyekundu isiyo na alama yoyote. Ndiyo iliyopepea juu ya Fort Jesus miaka yote ambayo Waingereza waliuendesha ukanda wa pwani wa maili kumi kwa mkataba wa 1895, huku enzi yenyewe ikibaki kwa Sultani. Tena ndiyo ya zama za Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na mizinga ya Waingereza bandarini Zanzibar, Agosti 27, 1896. Tafadhalini, msiitie nakshi.

Bendera za meli za zamani zilishonwa kwa sufu nyembamba iliyofumwa kwa uwazi, ambayo hupitisha upepo na haikawii kukauka. Pamba hunywa maji, ikawa nzito, ikajipiga hadi ikararuka. Nailoni ni nyepesi na hupepea hata kwa upepo mdogo, lakini kwa jahazi linalokaa juani na kwenye kusi ningechagua poliesta nzito ya nyuzi za kusokotwa, isiyong'aa, ambayo kwa mbali hufanana sana na sufu. Ulizeni hasa kama rangi yake inastahimili jua: bendera hii haina kitu kingine ila wekundu wake, na ikigeuka waridi si yake tena.

Pindo la upande wa nje, unaopigwa zaidi na upepo, likunjwe mara mbili na kupitishwa mishono minne kwa uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa. Pembe zake ziongezewe viraka. Upande wa mlingoti tieni utepe wa turubai wenye pete za shaba, kwa kuwa chuma hushika kutu na kuacha madoa. Isuuzeni mara kwa mara kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na mara nyuzi za pembeni zinapoanza kufumuka, kateni kidogo na mpinde upya.