Misuli kukaza ukinyoosha viungo: maji yanahusika?

Mkuu, umeuliza kwa nini misuli ya nyuma ya paja inagoma ukinyoosha viungo baada ya mpira wa jioni, na kama maji yanahusika. Yanaweza kuhusika. Karibu robo tatu ya msuli ni maji, na utando unaoufunika huteleza vizuri ukiwa na unyevu. Kwa joto hili la Dar jasho linakutoka, na chumvi inaondoka nalo. Angalia mkojo: ukiwa kama chai ya rangi, hujanywa vya kutosha. Anza kunywa kidogo kidogo tangu mchana, siyo lita mbili kwa mkupuo ukifika uwanjani (dafu nalo ruksa). Ila maji peke yake hayalainishi mwili usionyooshwa. Na kama maumivu yako sehemu moja tu, huenda msuli umechanika, muone daktari.