Mbwa amekula chokoleti ya keki: fanya hesabu kwanza, chumvi iache jikoni

SWALI: Shikamoo Daktari. Naishi Dar es Salaam na nafanya biashara ya keki za oda nyumbani. Jumamosi mnamo saa mbili usiku mbwa wetu, Simba, alirarua mfuko niliouacha kwenye kiti akala chokoleti nyeusi ya kupikia. Pakti ilikuwa ya gramu 200, nikaikuta imebaki nusu. Simba ni chotara. Alipochanjwa mara ya mwisho alikuwa na kilo 12. Jirani alinishauri nimtapishe kwa maji ya chumvi, nikakoroga vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwenye kikombe nikamnywesha. Alitapika. Kisha nikampa maziwa. Kuanzia saa sita usiku akawa hatulii, anahema, anakojoa ovyo, miguu inatetemeka, hadi Jumapili jioni. Leo Jumatano hajambo, ila chakula anakichagua. Je, chokoleti ni sumu kweli? Utotoni mbwa wa kwetu walikula chokoleti na hakufa hata mmoja. Na ikitokea tena nifanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole kwa usiku huo.

Ndiyo, chokoleti ni sumu kwa mbwa. Lakini mtu akinipigia simu na kuniambia tu "mbwa kala chokoleti", bado sijui kama nimwambie alale au akimbie kliniki. Namuuliza: ya aina gani, kiasi gani, mbwa ana kilo ngapi, na amekula saa ngapi. Wewe umenipa majibu yote manne, kwa hiyo tunaweza kupiga hesabu pamoja.

Sumu yenyewe ni theobromini, iliyomo kwenye kakao pamoja na kafeini kidogo. Kadiri kakao inavyozidi ndivyo sumu inavyozidi. Chokoleti ya maziwa ina miligramu 2 hivi za theobromini kwa kila gramu. Nyeusi yenye sukari ina kama 5. Ile chungu ya kupikia isiyo na sukari kabisa hufika 14 hadi 16. Kakao ya unga, ile unayochekecha pamoja na unga wa ngano, inaweza kupita 25. Chokoleti nyeupe karibu haina kitu, kwa sababu imetengenezwa kwa mafuta ya kakao bila ule unga wake.

Upande wa mbwa, kutapika, kuharisha, kiu na kutotulia huanza akipata miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Zikifika 40 hadi 50 kwa kilo, moyo huanza kwenda mbio au kupiga bila mpangilio. Kuanzia 60 tunategemea degedege. Simba alikula gramu 100 za nyeusi: mara 5 ni miligramu 500, gawa kwa kilo 12, unapata karibu 42. Hapo nimechukulia ni nyeusi ya kawaida yenye sukari. Kama pakti iliandikwa asilimia 70 ya kakao au zaidi, kiasi kilikuwa kikubwa kuliko hicho. Kwa hiyo kuhema na kutetemeka hakukuwa ajabu. Alistahili kupelekwa kwa daktari usiku uleule.

Sasa wale mbwa wa utotoni. Mbwa wa kilo 20 akidokolewa gramu 10 za chokoleti ya maziwa amepata miligramu 20, yaani moja tu kwa kila kilo. Hiyo haimsumbui. Tena vingi vya vile vinavyouzwa dukani kwa bei ndogo kwa jina la chokoleti ni sukari na mafuta ya mimea vilivyotiwa kakao kidogo. Mbwa wenu hawakuwa sugu. Walipewa kidogo, na cha aina hafifu. Jikoni kwako mambo ni mengine. Simba akilamba nusu ya kopo la gramu 100 la kakao ya unga, hizo ni zaidi ya miligramu 1,250, zaidi ya 100 kwa kila kilo yake, na kiasi hicho kinaweza kuua. Ningekuwa wewe ningelihofia kopo hilo kuliko pakti ya chokoleti.

Kwa nini sisi tunaila tunalala usingizi? Mwili wa binadamu huivunja theobromini upesi. Mbwa huchukua kama saa 17 na nusu kupunguza nusu yake tu, na katika muda huo sumu haitulii: sehemu hutoka kwenye ini ikapita kwenye nyongo na kurudi utumboni, inanyonywa upya, iliyofika kwenye kibofu nayo hupenya ukuta wa kibofu ikarudi kwenye damu. Ndiyo maana dalili zinaweza kuendelea hadi siku tatu. Na huko mwilini, theobromini huziba mahali ambapo kemikali ya kutuliza moyo na ubongo hushika, kama gari lililokatwa breki. Pia huongeza mkojo. Simba kukojoa ovyo kulikuchosha wewe, lakini yeye kulimfaa. Mbwa wa namna hii mtoe nje mara kwa mara na maji ya kunywa yawepo, maana mkojo ukikaa kibofuni sumu inarudi.

Kwenye chumvi lazima nikae kidogo, kwa sababu ushauri wa jirani yako nausikia kila mara, na hutolewa kwa nia njema. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa sawasawa kina gramu 18 hivi za chumvi. Viwili ni 36. Mbwa anaweza kuonyesha dalili za sumu ya chumvi akipata gramu 2 kwa kila kilo, na gramu 4 kwa kilo zinaweza kumuua. Simba alinyweshwa gramu 3 kwa kilo. Kilichomwokoa ni kwamba alitapika. Angeishikilia tumboni, tungekuwa na kesi mbili. Na dalili za chumvi ni zipi? Kutapika, kiu kali, kutetemeka, degedege. Zinafanana mno na za chokoleti. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba mitetemo ya Jumapili yote ilitokana na chokoleti. Daktari anayempokea mbwa wa hivyo bila kuambiwa habari ya chumvi anaweza kuhangaika na ugonjwa mmoja na kuuacha wa pili.

Maziwa hayaui sumu. Hayazimui theobromini, na mbwa wengi wazima huharishwa nayo. Mafuta ya kula ni mabaya zaidi, kwa kuwa yanaweza kuingia mapafuni wakati wa kunyweshwa kwa nguvu. Mkaa wa jiko uliosagwa pia haufai: mkaa tunaotumia sisi ni wa dawa, umetengenezwa kwa namna ya kuwa na vitundu vingi mno vya kunasa sumu. Wa jiko utamchafua mdomo tu.

Ikitokea tena, mwondoe kwenye chakula na umfungie mbali na kilichobaki, kisha uokote karatasi zote. Pakti inanionyesha asilimia ya kakao, na inatuambia kama karatasi ya fedha nayo imemezwa, maana inaweza kuziba utumbo. Kama hujui uzito wake, mbebe upande naye kwenye mizani ya kupimia watu, kisha upande peke yako na utoe. Piga hesabu kama tulivyofanya. Ukipata chini ya 20 kwa kilo na mbwa ni mzima, kwa kawaida tutamwangalia nyumbani, ila mpigie daktari hata hivyo. Ukipata 20 au zaidi, au hujui alikula kiasi gani, au ni mtoto wa mbwa, mbwa mzee au mwenye moyo mbovu, usingoje dalili. Kwa kawaida huanza kati ya saa 2 na 12 baada ya kula. Mtu anayemtazama mbwa anayechezacheza saa tatu usiku na kuamua "hana kitu" anapoteza muda ambao tungeutumia vizuri kuliko wote.

Ndani ya saa mbili za mwanzo ndipo kutapisha kunasaidia zaidi, ingawa chokoleti huganda tumboni kama donge na wakati mwingine tunaipata hata baadaye. Kliniki tunatumia sindano ya apomofini, na mbwa hutapika ndani ya dakika chache. Kama uko mbali, daktari anaweza kukuelekeza kwa simu utumie haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: mililita 1 kwa kilo, isizidi 45 kwa mbwa yeyote hata awe mkubwa vipi. Iwe ya asilimia 3 ya famasi. Ya saluni ni kali na inaunguza koo na tumbo. Sipendi watu waitumie kabla ya kuongea na daktari, kwani hata ya famasi huchubua tumbo. Mbwa aliyeanza kutetemeka, aliyelegea, au mwenye pua fupi iliyobonyea usimtapishe nyumbani kabisa. Matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Dawa ya kuifuta theobromini haipo. Tunampa mkaa wa dawa, mara nyingine kwa kurudia kwa sababu ya ule mzunguko wa nyongo, tunamwekea dripu, degedege tunaituliza kwa diazepamu, moyo ukienda kasi mno zipo dawa za kuupunguza, na kibofu tunaweza kukiwekea mpira. Mbwa aliyeletwa mapema hupona mara nyingi. Usiku, kama hujui kliniki iliyo wazi, mpigie afisa mifugo wa kata yako akuelekeze. Namba yake itafute leo ukiwa umetulia.

Mkiwa njiani, weka kiganja kifuani upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko, uhesabu mapigo kwa sekunde 15 kisha uzidishe kwa 4. Mbwa wa ukubwa wa Simba akiwa amelala kimya na bado unapata zaidi ya 160, mwambie daktari kabla hujafika. Joto la Dar nalo si la kupuuza: mbwa anayetetemeka huchemka haraka. Fungua madirisha ya gari, mlaze kwenye kitambaa kilicholowa maji ya kawaida, si barafu.

Tena, mbwa anayetetemeka katika miji yetu si lazima awe amekula chokoleti. Dawa za kuua wadudu na sumu za panya ni habari ya kawaida zaidi. Ukiona udenda unachuruzika, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano na anaharisha, mwambie daktari hivyo hivyo hata kama umekuta karatasi ya chokoleti karibu.

Kwa kuwa unaoka keki, kuna vitu vitatu vingine vya kuweka kwenye kabati lenye mlango. Zabibu kavu zinaweza kuharibu figo za mbwa, na kiasi salama hatukijui, kwa hiyo hata chache nipigie simu. Sukari mbadala ya zailitoli, iliyomo kwenye baadhi ya chokoleti na jojo zisizo na sukari, hushusha sukari ya damu hata mbwa akila kidogo sana, gramu 0.1 kwa kilo, na ikizidi inaweza kuua ini. Hapo ile hesabu ya theobromini haina kazi. Makadamia, ambazo Kenya inalima kwa wingi na huuzwa zikiwa zimepakwa chokoleti, hulegeza miguu ya nyuma kwa siku moja au mbili. Kwa paka wako, kama unaye, chokoleti ni sumu vilevile, ila hatari ni ndogo: paka hawaonji utamu, hivyo chokoleti mara nyingi huipita.

Kuhusu Simba wa leo. Kuchagua chakula kunaweza kuwa tumbo lililochubuliwa na chumvi na kutapika, na hilo litaisha. Mpe wali laini na kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mafuta, kidogo kidogo, kwa siku mbili. Ninachohofia ni kongosho. Chokoleti ina mafuta mengi, na kongosho huweza kuvimba siku chache baada ya mlo wa namna hiyo. Akianza tena kutapika, akikataa chakula kabisa, au ukimwona ameshusha kifua chini na kuinua matako kama anayejinyoosha lakini hainuki, mpeleke siku hiyohiyo. Hata asipoonyesha hayo, ningependa apimwe damu wiki hii. Ukifika, taja chokoleti na chumvi zote mbili, na useme ilikuwa vijiko vingapi, ili daktari aangalie sodiamu na figo pamoja na kongosho.